Madoa Meusi Yaliyobaki Baada ya Chunusi na Mkorogo

Swali: Daktari, nina umri wa miaka 34 na ni mwalimu wa shule ya msingi jijini Mwanza. Chunusi ziliniachia madoa meusi mashavuni. Nilichanganyiwa mkorogo kwenye duka la vipodozi na nikaupaka usoni na mikononi kwa karibu miaka miwili. Mwanzoni uso ulitakata, baadaye vidole vikaota sugu nyeusi na juu ya mashavu pakatokea weusi wa kijivu. Miezi miwili iliyopita niliacha ghafla, na tangu hapo uso unawaka, unawasha na umejaa vipele. Nipake krimu gani ili madoa yaishe? Je, limau na manjano vinafaa? Natarajia kushika mimba mwaka huu.

Jibu: Dada yangu, ulichokieleza ni matatizo kadhaa yaliyokutana kwenye uso mmoja, na kila moja lina tiba yake. Yapo madoa ya awali yaliyoachwa na chunusi. Yapo madhara ya mkorogo wenyewe, ambayo ndiyo yanayoonekana kwenye sugu za vidole na pengine kwenye ule weusi wa kijivu. Juu ya hayo yote uko mchafuko wa sasa, yaani moto, mwasho na vipele vilivyozuka baada ya kuacha. Nikikutajia krimu moja leo nitakuwa nimekupoteza, kwa sababu krimu inayofaa kwa doa la chunusi inaweza kuuunguza uso ambao bado umevimba, na uso ulioungua huzaa madoa mapya. Kwa hiyo naanza na kinachokusumbua sasa.

Mikorogo mingi inayouzwa mitaani huwa na steroidi kali, mara nyingi klobetasoli au betamethasoni. Hizi ni dawa halali, ambazo hospitalini huandikwa kwa muda mfupi kutibu magonjwa kama pumu ya ngozi na soriasisi, tena kwa nadra sana huandikwa kwa ajili ya uso. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kuutuliza uvimbe, ndiyo maana wiki za mwanzo uso hutakata, chunusi hukauka na mtumiaji huamini kwamba hatimaye amepata dawa. Ngozi ikishaizoea hali hiyo hushindwa kujitegemea: dawa inapokosekana, mishipa iliyokuwa imebanwa hufunguka kwa nguvu na uvimbe uliokuwa umetulizwa hurudi wote kwa pamoja. Vitabu vingi vya tiba huueleza mrejeo huo kwa wekundu wa ngozi, lakini kwa watu wenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani waziwazi. Kinachoonekana ni uso kuzidi kuwa mweusi, kung'aa na kuvutika, pamoja na vipele vyenye usaha. Hapo ndipo wengi huurudia mkorogo, nao hupata nafuu ndani ya siku chache, na nafuu hiyo huwathibitishia kwamba ngozi yao haiwezi kuishi bila mkorogo. Usirudi. Hali hii huisha, ingawa huchukua wiki kadhaa na kwa wengine miezi kadhaa, kutegemea ukali wa dawa iliyokuwamo na muda uliotumika.

Kwa sasa osha uso mara mbili tu kwa siku kwa maji ya kawaida na sabuni laini isiyo na manukato, usisugue kwa dodoki wala kitambaa kigumu, kisha paka losheni nyepesi isiyo na harufu. Vipodozi vingine vyote viweke kando, hata vile vinavyoitwa vya asili. Daktari wa ngozi anaweza kukuandikia mafuta ya takrolimasi, ambayo hutuliza uvimbe bila kuwa steroidi, au akakushusha polepole kwa steroidi dhaifu, au akakupa antibaiotiki ya kumeza kwa ajili ya vipele. Mweleze mapema kwamba unatarajia mimba, kwani doksisaiklini, ambayo hutumika mara nyingi katika hali hii, haifai kwa mjamzito.

Umetaja uso na mikono pekee, na hiyo ni nafuu kubwa. Mtu aliyepaka steroidi kali mwili mzima kwa miezi mingi, dawa yake huingia kwenye damu na kuzifanya tezi zilizo juu ya figo zipunguze au ziache kutengeneza homoni ambayo mwili huihitaji kila siku. Akiacha ghafla anaweza kupatwa na uchovu usioelezeka, kizunguzungu anaposimama, kichefuchefu, kutapika, hata kuzimia. Kama wewe au mwenzako yeyote ana dalili hizo baada ya kuacha kupaka mwili mzima, asisubiri siku ya kliniki ya ngozi. Aende hospitali siku hiyohiyo na aseme wazi kwamba alikuwa akijichubua. Watu hulificha jambo hili kwa aibu, na daktari anayemhudumia hubaki akitafuta malaria na homa ya matumbo.

Kiambato cha pili cha mkorogo kinachonitia wasiwasi, hasa kwa mwanamke anayetarajia mtoto, ni zebaki. Zebaki huzuia utengenezaji wa rangi ya ngozi, hupenya hadi kwenye damu, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na huweza kumfikia mtoto akiwa tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, ulivilenga vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukiondoa kabisa kiwango hicho, yaani kipodozi kisiwe na zebaki iliyotiwa humo hata kidogo. Tanzania hairuhusu vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni wala steroidi, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Hata hivyo, mkorogo hauna lebo. Mwuzaji huchota kutoka kopo hili na lile, huongeza jeli ya dukani, kisha hukupa kwenye kichupa kisicho na jina, na huenda yeye mwenyewe hajui alichokupa. Kabla ya kushika mimba, omba upimwe mkojo kuona kama kuna protini, upimwe utendaji wa figo kwa damu, na upimwe shinikizo la damu na sukari, ambavyo vyote viwili huweza kupandishwa na steroidi. Hivyo ni vipimo vya kawaida katika hospitali nyingi za wilaya na mkoa.

Sasa tuje kwenye sugu na ule weusi wa kijivu. Haidrokwinoni huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, na kwa kiwango kidogo, chini ya uangalizi wa daktari na kwa miezi michache, ni mojawapo ya dawa za madoa zilizothibitika zaidi. Ikipakwa kwa kiwango kikubwa kwa miaka, tena juani, hugeuka adui: mabaki yake hujikusanya chini ya ngozi na kuleta weusi wa kijivu au wa samawati ambao madaktari huuita okronosisi. Ugonjwa huu ulielezwa Afrika Kusini mwaka 1975 kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu za kujichubua, na nchi hiyo ikaja kupiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2001. Dalili yake kwenye mashavu ni chembe ndogo nyeusi zilizotuna, mithili ya ufuta uliomwagika, juu ya ngozi iliyokolea. Ukatili wa okronosisi ni kwamba mtu huona anazidi kuwa mweusi, huongeza dawa ileile, na weusi nao huongezeka. Kama ndiyo uliyo nayo, nakwambia bila kuficha kwamba tiba yake ni ngumu na kwamba haidrokwinoni, hata iliyoandikwa na daktari, haikufai tena. Kinachosaidia zaidi ni kuiacha, kujikinga na jua, na kuvumilia kufifia kwa pole kunakoweza kuchukua miaka. Si kila weusi wa kijivu ni okronosisi, hata hivyo, na daktari akiwa na lenzi maalumu ya ngozi anaweza kuitofautisha na melasma, ambayo hujitokeza pande zote mbili za uso kwa usawa, juu ya mashavu, paji la uso na mdomo wa juu, na huchochewa na mimba pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango.

Rangi ya doa yenyewe humwambia daktari mengi. Seli zinazotengeneza melanini zimekaa sehemu ya chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, na idadi yake hailingani na weusi wa mtu: watu weupe na weusi wana seli zinazokaribiana kwa wingi, tofauti ikiwa katika bidii yake na ukubwa wa chembe za rangi zinazozigawa. Chunusi, jeraha, kuungua au mkwaruzo huziamsha seli hizo, na katika ngozi nyeusi, ambamo tayari zina bidii, huamka kwa nguvu zaidi. Rangi ikibaki katika tabaka la juu, doa huwa la kahawia, na kwa kuwa tabaka hilo hujibadilisha lenyewe, doa hufifia ndani ya miezi kadhaa. Uvimbe ukiwa mkali, rangi hudondokea kwenye tabaka la chini na kumezwa na seli za ulinzi zinazokaa humo muda mrefu; doa hilo huwa la kijivu au samawati, na krimu hulifikia kwa shida. Ndiyo maana hakuna mtaalamu mkweli atakayekuahidi uso safi kwa wiki mbili. Madoa yako ya kahawia yape miezi mitatu hadi sita ya matunzo yasiyokatika kabla ya kuhukumu, na yale ya kijivu yape mwaka au zaidi.

Utaona basi kwamba doa ni alama ya kitu kilichoiumiza ngozi, na kulifuta huku kinachoumiza kikiendelea ni kazi isiyoisha. Kwa upande wako kinachoumiza ni chunusi, ambazo hukutaja kama ziliwahi kutibiwa. Uso utakapotulia, tibu chunusi zenyewe. Krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inatosha kwa wengi na inaweza kutumika hata katika mimba. Angalia tu kwamba hufifisha rangi ya mito, taulo na khanga. Usizikamue. Kama unapaka mafuta mazito ya nywele, kumbuka kwamba hushuka hadi kwenye paji la uso na kuziba vitundu, na chunusi za eneo hilo mara nyingi hupungua mtu akibadilisha mafuta ya kichwani tu.

Kichochezi kingine ni mwanga, na hapa naona makosa mengi hata kwa watu wanaojali ngozi zao. Wapo wanaosema mtu mweusi hahitaji kinga ya jua. Ni kweli kwamba melanini yetu hutukinga kwa kiasi kikubwa dhidi ya kuungua na saratani nyingi za ngozi, lakini melanini hiyohiyo ndiyo inayoongezwa na jua kwenye doa, na doa lisilokingwa hurudi hata likifutwa kwa dawa ya bei ghali. Mwanza iko karibu kabisa na ikweta, tena zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo miale ya urujuanimno huko ni mikali mwaka mzima. Chagua losheni ya kinga ya jua yenye SPF 30 au zaidi na iliyoandikwa kuwa inakinga pia miale ya UVA. Kiasi cha kutosha uso na shingo ni mistari miwili iliyojaa juu ya kidole cha shahada na cha kati; wengi hupaka robo ya hapo, kisha hulalamika kwamba haifanyi kazi. Paka asubuhi, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje, kama siku za michezo ya wanafunzi.

Mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho nao huikoleza ngozi nyeusi, na losheni nyingi za kinga hazizuii mwanga huo. Kinachouzuia vizuri ni rangi ya oksidi ya chuma, inayopatikana katika losheni za kinga zenye rangi ya ngozi na katika fandesheni nyingi. Kwa mwenye melasma hasa, losheni yenye rangi ni bora kuliko ile nyeupe, na ina faida ya kutokuacha uso na ukungu wa kijivu. Najua bidhaa hizi hupatikana kwa shida nje ya famasi kubwa na bei yake ni mzigo kwa mshahara wa mwalimu. (Pale hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya kinga kwa ajili ya watu wenye ualbino, na ni haki yao iwafikie wao kwanza, lakini yathibitisha kwamba losheni nzuri inaweza kutengenezwa hapahapa.) Usipoipata, kofia yenye ukingo mpana, mwavuli na mtandio mzito hufanya sehemu kubwa ya kazi, na kusimama kivulini wakati wa mstarini hakugharimu kitu.

Ngozi ikishatulia kabisa, yaani haiwaki unapoosha uso na hakuna vipele vipya kwa wiki kadhaa, ndipo tuzungumzie krimu ya madoa. Kwako wewe chaguo la kwanza ni asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20. Hutibu chunusi na doa kwa pamoja, haimfanyi mtu kuwa mweupe kuliko rangi yake, na inahesabiwa kuwa salama katika mimba. Anza kwa usiku mmoja, uruke mmoja, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, na utarajie kuchomachoma kidogo siku za mwanzo. Niasinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, kwa asilimia 4 au 5 ni dhaifu zaidi lakini ni rafiki kwa ngozi iliyochoka, na mara nyingi ndiyo ninayoitanguliza kwa waliotoka kwenye mkorogo. Tretinoini na adapalini ni dawa nzuri, lakini kwako ziache mpaka baada ya kujifungua na kunyonyesha, sawa na haidrokwinoni, ambayo sehemu kubwa yake huingia mwilini kupitia ngozi, na vidonge vya asidi ya traneksamiki, ambavyo huandikwa kwa melasma sugu na huweza kuongeza hatari ya damu kuganda.

Limau lisiguse uso wako. Asidi yake ni kali, na maji ya limau au ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huweza kuleta malengelenge na kuacha weusi mbaya kuliko uliokuwapo. Dawa ya meno na magadi navyo huunguza. Manjano hayana ubaya mkubwa kwa ngozi nzima isiyo na vidonda, lakini hayatafuta madoa haya. Liwa ya pwani, ikiwa ni msandali safi uliosagwa kwa maji ya waridi, huburudisha ngozi, nami sina ugomvi nayo. Singo, ile ya kusugulia mwili, ndiyo ya kuahirisha, kwa sababu kusugua ni kuumiza, na wewe huhitaji msuguo wowote kwa sasa. Sindano na dripu za gluta (glutathioni) za kung'arisha ngozi zinazotangazwa saluni siziungi mkono kabisa: hazijathibitishwa kwa kazi hiyo, na vifo na maambukizi ya damu havihitaji sababu kubwa pale dawa inapotiwa mshipani na asiye mtaalamu. Leza na kubambua ngozi kwa asidi vina nafasi yake, ila katika ngozi nyeusi mkono usio na uzoefu huacha madoa mapya.

Si kila doa jeusi lina uhusiano na chunusi au krimu. Doa la mviringo lililokolea, linalowasha na kurudi mahali palepale kila unapomeza dawa fulani, mara nyingi husababishwa na dawa za salfa kama Septrin au SP. Kwako hili lina uzito, kwa kuwa SP hutolewa kliniki kwa wajawazito ili kuzuia malaria. Kama umewahi kupata doa la namna hiyo, mwambie mkunga kabla hujapewa. Shingo na makwapa yanayokuwa meusi na mazito kama yamevaa vumbi yanahitaji kupimwa sukari. Baka jeupe au lililofifia lisilohisi mguso linahitaji uchunguzi wa ukoma, wala si dawa ya mba. Doa jeusi linalokua kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha lisipakwe chochote. Lionwe na daktari mapema, kwa sababu hapo ndipo saratani ya seli za rangi hujificha kwa watu weusi.

Kwa hali yako, omba rufaa ya kuonana na mtaalamu wa ngozi katika hospitali ya rufaa. Wapo pia matabibu wa ngozi waliofunzwa Moshi, katika kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, ambao baadhi yao wanahudumu mikoani. Siku ya kwenda usipake fandesheni wala losheni yenye rangi. Beba vichupa vyote ulivyotumia, hata vilivyokwisha na visivyo na lebo, pamoja na orodha ya vidonge unavyomeza, vikiwamo vya uzazi wa mpango, na picha moja ya uso wako ya kabla ya mkorogo, ili daktari ajue rangi anayopaswa kukurejesha.